Ninavyoonyesha picha zilizofichwa kwenye programu ya kuchati

Kuweka ukungu juu ya picha si kuificha. Programu ikishapakua faili lote la MB 2 ndipo ikalifunika kwa ukungu, bando limeshaliwa na picha tayari imo kwenye simu. Kwenye kivinjari, mtu anayejua CSS, lugha inayopanga mwonekano wa kurasa, anauondoa ukungu huo kwa kufuta mstari mmoja. Ndiyo maana mimi huanza na sharti hili: picha iliyofichwa haipakuliwi mpaka mpokeaji mwenyewe aiguse.

Kinachotangulia ni ujumbe wenye upana na urefu wa picha, ukubwa wa faili, sababu ya kufichwa, na BlurHash, yaani mfuatano mfupi wa herufi na alama unaobeba rangi za picha kwa jumla tu. Ukiupa vipande 4 kwa upana na 3 kwa urefu (vikiwa vingi, rangi huonekana kwa undani zaidi), unatoka na alama 28. Unatengenezwa kwenye simu ya mtumaji, na katika mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yaliyofungwa ili yasomwe na mtumaji na mpokeaji tu, hakuna namna nyingine, kwa sababu seva haioni picha. Uweke ndani ya sehemu iliyosimbwa. Ukibaki nje, seva itajua rangi zake. Kabla ya kukokotoa, punguza picha hadi pikseli kama 64 upande mrefu. Kukokotoa picha nzima ya megapikseli 12 kunazikwamisha simu za bei nafuu bila faida yoyote.

Picha za ajali, damu au miili sizipi vipande 4 kwa 3. Bado doa jekundu linaonekana katikati, na mtu akishaliona anajua kilichomo. Hizo nazipa 1 kwa 1: alama 6, rangi moja ya wastani, basi.

Upana na urefu ndivyo vinavyosumbua sana. Picha iliyopigwa huku simu ikiwa wima mara nyingi huhifadhiwa imelala, pamoja na kielekezo cha EXIF (maelezo yanayofichwa ndani ya faili la picha) kinachosema izungushwe. Ukituma 4000 kwa 3000 bila kukisoma, mpokeaji anapewa kisanduku cha rangi, kinachoshika nafasi ya picha, kikiwa kimelala. Akigusa, picha inasimama wima na kusukuma ujumbe wote chini, naye anapoteza mahali alipokuwa anasoma. Soma kielekezo kwanza, namba zikitakiwa kubadilishana zibadilishe, ndipo utume.

Ndani ya kisanduku naandika maneno: “Mtumaji ameficha picha hii: ajali. MB 1.8. Gusa uone.” Ikiwa ni mipangilio ya mpokeaji iliyoificha, maneno yawe mengine: “Hupakui picha za watu usiowahifadhi.” Mtu ana haki ya kujua nani ameficha na kwa nini. Maandishi meupe yakae juu ya utepe mweusi, maana rangi ya wastani ikiwa ya mchanga au ya anga hayasomeki.

Mguso wa kwanza ufunue picha pale pale ilipo; wa pili ndio uikuze. Programu inayoijaza skrini kwa mguso mmoja inamfanya aliyekaa kwenye daladala amwonyeshe jirani asichotaka hata yeye kukiona. Baada ya kufunuliwa, kitufe cha kuficha tena kibaki pembeni, kisipungue dp 48 (kipimo cha ukubwa kwenye skrini) kwa Android.

Halafu kuna mianya. Picha inafichwa vizuri kwenye mazungumzo, kisha inatokea wazi kwenye arifa, kwenye nukuu mtu anapojibu, kwenye orodha ya picha za kikundi, au inajihifadhi yenyewe kwenye matunzio ya simu. Jina la faili na maelezo yanayosomwa na kisoma skrini pia husema yote kabla ya mguso. Sehemu hizi zote ziulize sehemu moja tu ya msimbo wa programu kama picha inaruhusiwa kuonekana; kila sehemu ikijiamulia, moja itasahaulika.

Mtandao ukikatika baada ya mguso, kisanduku kibaki na rangi yake na ukubwa wake, maneno yawe “Imeshindikana, gusa tena,” na MB zilizokwisha kupakuliwa zihifadhiwe ili upakuaji uendelee ulipoishia.