Asubuhi ya Tumbusi 34

Agosti 2016, nikiwa likizoni nyumbani kwetu katika Kaunti ya Narok, kijana mchungaji alikuja mbio kutuarifu kwamba tumbusi walikuwa wakianguka karibu na korongo, nasi tukaenda, baba mdogo akitangulia bila kusema neno.

Mzoga wa ng'ombe wake, aliyeuawa na simba siku mbili kabla, ulikuwa umeliwa nusu tu. Waliofika kwanza walikuwa wamelala juu yake, mabawa wazi, na wengine walitapakaa hadi vichakani. Nilihesabu 34. Wengi walikuwa tumbusi wa mgongo mweupe, na sita walikuwa wa Rüppell, ambao niliwatambua kwa manyoya yao yenye kingo nyeupe kama magamba. Simba hakuwapo hata mmoja. Juu ya nyama kulikuwa na punje za zambarau za dawa ya kuulia wadudu wa mashambani.

Miezi kumi kabla yake, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilikuwa imewapandisha tumbusi wa aina hizo mbili hadi daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Habari hiyo nilikuwa nimeisoma, lakini uzito wake niliuona pale korongoni. Tumbusi mmoja akishuka, wenzake walio mbali humwona na kumfuata, kwa hiyo mzoga mmoja wenye sumu huweza kuwakusanya ndege wa eneo kubwa. Na kwa kuwa jike hutaga yai moja tu kwa msimu, pengo la asubuhi moja huchukua miaka mingi kuzibika. Huenda baadhi yao walikuwa wameacha makinda juu ya miti.

“Mwanangu, mimi nilimtaka simba,” baba mdogo aliniambia. Nilimwamini, na hadi leo namwamini.

Askari wa wanyamapori walifika alasiri wakatuagiza tuteketeze kila kitu, fisi na mbwa wasije wakala sumu ileile. Baba mdogo ndiye aliyekata kuni zote.

Wiki mbili baadaye ndama wetu alikufa malishoni. Zamani mzoga kama huo ungebaki mifupa kabla ya jua kutua. Huyo alilala pale siku nne, mbwa wakimburuta huku na huku, na kila asubuhi baba mdogo alitoka nje ya boma, akasimama akitazama juu.