Anafika Mlangoni

Wiki hii mkataba wangu wa kituo cha wazee umekwisha, wifi yangu amejifungua salama kule Kisauni na gari limekubali kuwaka baada ya kukaa gereji siku kadhaa, lakini kinachoninyima usingizi ni maneno machache ya kijana aliyekuwa amenishika kidole cha pete.

Mliosoma nilichoandika mwezi uliopita mnajua kwamba kadi zangu za alama za vidole, nilizozituma nikiomba leseni ya fiziotherapia California, zilirudishwa kwa kuwa hazisomeki. California haijajiunga na mkataba wa majimbo wa kutambuliana leseni za fiziotherapia, ule ulioanza kutoa vibali mwaka 2018 na ulioniwezesha kufanya kazi Missouri na Oregon kwa leseni yangu ya Texas, nikilipa dola 45 za tume ya mkataba huo na ada ya jimbo lenyewe. Anayetaka kumnyoosha mgonjwa goti California sharti awe na leseni ya California, na mashine yao ya kupiga alama za vidole kwa umeme haitumiki nje ya jimbo lao, kwa hiyo sisi wa mbali tunapakwa wino na kubingirishwa kidole kimoja kimoja juu ya karatasi. Mikono inayooshwa na kupakwa spiriti kabla na baada ya kila mgonjwa, mwaka hadi mwaka, hubaki laini kama sahani ya udongo, na wino haupati pa kushika.

Nilirudi basi kwa mpiga alama. Kijana yule aliniambia nilegeze mkono na kazi nimwachie yeye, nikacheka, kwa sababu ndiyo amri ninayowapa wenye mabega yaliyoganda, na wala hawaitii. Akatazama kadi, akatazama vidole.

"Unafanya kazi gani, bi?"

"Fiziotherapia. Lakini ya kusafiri. Wiki 13 hapa, kisha wiki 13 kwingine."

Akabingirisha kidole cha pete, ukucha hadi ukucha, polepole. "Bibi yangu alikuwa na mmoja wenu, alipovunjika nyonga. Yule dada alimfikisha hadi mlangoni, halafu muda wake ukaisha."

"Na baadaye?"

"Akaja mwingine, akaanza upya."

"Siku hizi bibi anaendeleaje?"

"Anafika mlangoni."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akaniomba kidole gumba, na kabla sijafungua kinywa tena aliingia baba mmoja na wanawe wawili, shughuli yangu ikawa imekwisha.

Tangu siku hiyo namchunguza bibi ambaye sijapata kumwona. Mlango huo una ngazi nje, na ni ngapi? Una kizingiti kirefu? Kuna cha kushikilia upande wa kulia, au anashika fremu tu? Yawezekana nguvu za miguu anazo na kinachomzuia ni hofu ya kuanguka, na hofu hiyo haiondoki kwa kuzidishiwa mazoezi ya paja ukiwa umeketi kitini. Inataka mtu asimame ngazi moja chini yake, amshike mkanda kiunoni, ashuke naye leo, na kesho, na keshokutwa. Yawezekana pia bima ilikataa kuendelea kulipa, na hapo hata angekuwapo mwenyeji wa mji huo huo angeondoka vile vile. Kila nikimaliza kumtetea dada yule, sauti ya kijana inarudi na kitenzi chake cha wakati uliopo. Anafika. Kila siku anafika, na anageuka.

Nami nina wangu. Kuna mzee niliyemwacha Missouri akiwa amepanda ngazi tatu kati ya kumi na mbili za nyumbani kwake, na kwenye ripoti ya makabidhiano niliandika kila kitu, mguu upi utangulie, maumivu yaanzie wapi, hata wimbo anaopenda kuhesabia hatua. Sijui kama aliyenipokea aliisoma. Mama aliponiuliza kwenye simu kwa nini Wamarekani wanataka leseni kila jimbo ilhali mtihani ni mmoja nchi nzima, na alama ya kupita ni ile ile 600, nilimweleza kwamba kila jimbo lina sheria zake na lina haki ya kumjua anayegusa watu wake. Ninaamini hivyo. Bodi zinajua nilisoma wapi, nilipimwa Kiingereza ingawa nimesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, kila jimbo nililofanyia kazi limenithibitisha. Ngazi tisa za yule mzee hazina fomu.

Lakini nisiwachoshe, maana wiki hii imekuwa na raha yake pia. Kadi zikirudi mara ya pili naweza kuombewa ukaguzi wa rekodi za uhalifu kwa jina badala ya vidole, lakini Baba Nasra amekataa tufike huko. Amesikia kwamba vidole vikipumzishwa na kupakwa mafuta mistari hurudi, basi tangu mkataba uishe amenipiga marufuku kuosha vyombo, kufua na hata kumenya vitunguu, na kila jioni ananipaka mafuta ya nazi kidole kwa kidole kwa uzito wa daktari wa upasuaji. Nasra anasema babake anaosha sufuria kwa nje tu. Mimi nimenyamaza; sufuria zitanisubiri.

Katika mapumziko hayo nimemaliza vipindi vya kuhuisha leseni ya Texas, 30 kwa miaka miwili, pamoja na moduli ya sheria na somo la biashara haramu ya binadamu, ambalo lilinifundisha mambo ya kutazama kwa mgonjwa asiyeachwa azungumze peke yake. Leseni hiyo huisha siku ya mwisho ya mwezi niliozaliwa, na ikilala, vibali vya Missouri na Oregon vinalala nayo, kwa hiyo nimelipa mapema na kuhifadhi risiti mahali pawili.

Mama, mwishoni mwa simu ile, alitaja kana kwamba si jambo kubwa kuwa fundi aliyechukua pesa za mabati ya jiko la nyuma hajaonekana tena. Mawingu ya masika yameanza kukusanyika Mombasa. Nimempigia fundi huyo asubuhi na jioni. Simu inaita, inaita, kisha inakatwa.