Tipa la mdogo wangu lililovuta kushoto

Huku Winnipeg, Kanada, ninakotengeneza malori, sehemu kubwa ya kazi zetu za springi huletwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, ambayo hula vyuma taratibu. Kwa hiyo mdogo wangu, anayesomba mawe na kokoto kwa tipa la tairi sita kati ya Usagara na Mwanza mjini, aliponipigia simu mwezi wa Julai akisema, "Kaka, gari linavuta kushoto mpaka mabega yananiuma," sikuwaza springi, nikamjibu haraka mno. Nilimwambia kwamba ni barabara tu, kwa kuwa lami huinuliwa katikati ili maji yatiririkie pembeni, na nyumbani tunaendesha kushoto. Huku, ambako tunapita kulia, madereva hulalamikia kulia.

Alilipeleka kwenye uwanja tambarare, likavuta vilevile. Kabla ya hapo gereji moja ilikuwa imeshambadilishia tairodi endi (viungo vya ncha za fimbo inayogeuza tairi za mbele) zote mbili bila nafuu yoyote.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja jioni kwake na saa tatu asubuhi kwangu, tulianza upya kwa simu ya video, yeye na utingo wake wakiwa Nyakato, hapo Mwanza. Upepo wa tairi ulikuwa sawa, wala hapakuwa na ngoma ya breki iliyopata joto kuliko nyingine. Ekseli ya mbele ilipopandishwa kwa jeki na kuegeshwa juu ya magogo (jeki peke yake siiamini), utingo alilishika tairi la kushoto juu na chini akalitikisa, nalo likacheza kidogo. Hapo ndipo wengi hukimbilia kununua kingi pini, yaani pini ambayo tairi la mbele hugeukia. Nilimwomba mdogo wangu akanyage breki huku tairi likiendelea kutikiswa: mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya habu (kitovu cha tairi), ukibaki, ni kingi pini. Ulipotea. Tulikaza beringi, lakini gari liliendelea kuvuta.

Ndipo aliponiambia jambo ambalo ningepaswa kumuuliza tangu mwanzo, kwamba gari likienda moja kwa moja, usukani hukaa umepinda kulia. Nilimwagiza anyooshe tairi za mbele, kisha apime kwa futi kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, pande zote mbili. Upande wa kulia ulizidi kwa sentimita mbili. Ekseli ya nyuma ilikuwa imerudi nyuma upande huo, ikawa inasukuma mkia wa gari kulia, na pua ikigeukia kushoto.

Chini ya springi ya kulia, yubolti (bolti zenye umbo la U zinazobana springi na ekseli) zilikuwa zimezungukwa na unga mwekundu wa kutu, dalili ya chuma kinachosuguana, na senta bolti, ile inayopita katikati ya majani ya springi, ilikuwa imekatika. Senta bolti haikuundwa kubeba nguvu hizo peke yake. Kinachoishika ekseli ni mbano wa yubolti, na zikilegea, shimo moja la barabarani linatosha kuikata. Walirudisha ekseli mahali pake, wakafunga senta bolti mpya na yubolti mpya, kwa maana zile za zamani zimeshavutika na hazistahili kurudishwa, wakakaza nati kwa kupishana.

Nilimsihi azikaze tena baada ya siku chache za kubeba mzigo. Siku ya tatu alinipigia kwa mshangao: kila nati ilikuwa imekubali karibu nusu mzunguko.