Sahihi ya posho

Wiki iliyopita nilikuwa mkalimani kwenye warsha ya siku mbili hapa Arusha, kuhusu kaboni ya buluu. Ndiyo, mambo ya bahari, wakati bahari yenyewe iko kule Tanga, safari ya kutwa kwa basi. Tangu zitoke 2022 kanuni za biashara ya kaboni, yaani mwenye kuchafua hewa kumlipa anayetunza msitu unaofyonza hewa ukaa, warsha za namna hii hazinipigi chenga. Taasisi siitaji, maana nataka waniite tena.

Baridi ya Julai mnaijua. Wageni wa pwani walikuwa watatu katika ukumbi wa watu kama arobaini. Mmoja, bibi wa delta ya Rufiji, siku ya pili alikuja na koti zito la mtumba alilonunua Kilombero, kanga ikichungulia kwa chini.

Mimi ni wa Pangani, nikajiona kazi hii ni yangu. Sentensi ya tatu tu nikakwama. Niliposema "kaboni ya buluu", bibi alitoa kisikizio sikioni akageukia kibanda changu: "Mwanangu, hiyo buluu ndiyo nini?" Mtoa mada akaeleza kwamba ni hewa ukaa inayofyonzwa na mikoko na nyasi za baharini, na kwamba sehemu kubwa yake haikai kwenye miti bali kwenye tope, kwa sababu tope lile halina oksijeni, na majani yaliyozama humo hayaozi upesi. Bibi akacheka. "Ndiyo maana ukilifukua linanuka yai viza." Mtoa mada akakubali: harufu ileile.

Ikaja picha ya miche ya mkoko iliyopangwa mistari ukingoni kabisa mwa maji. Bibi akanyoosha mkono. Hapo, akasema, miche itakwenda na maji. Mikoko ina aina zake: pale mbele ni pa mlilana, mkoko wenyewe unakaa nyuma yake, mkandaa juu zaidi. Mwenyekiti akajibu kuwa litazingatiwa. Kwenye muhtasari nilioletewa kutafsiri, halimo.

Kasheshe ilikuwa kwenye rasimu, penye maneno "jamii za pwani zimeshirikishwa kikamilifu". Bibi akauliza lini. Akajibiwa kuwa mkutano ulifanyika kijijini na karatasi ya mahudhurio ipo, ina sahihi. "Ile tulisaini ya posho," akasema. Nikalitia hilo kwenye Kiingereza polepole, neno kwa neno, nisije nikalilainisha. Ukumbi ulinyamaza hadi nikasikia wahudumu wakipanga vikombe vya chai nyuma.

Gazi, kule Kwale nchini Kenya, tangu 2013 wanakijiji wanauza kaboni ya hekta 117 za mikoko, kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na fedha zimeleta maji na kusaidia shule. Lakini kabla ya kuuza chochote, chama chao cha msitu kilikuwa na mkataba na serikali wa kuusimamia. Wala si lazima twende Kenya. Wahadzabe wa Yaeda, hapo Mbulu, walipata hatimiliki ya kimila ya ardhi yao 2011, kwa hiyo anayetaka kaboni yao anajua anaongea na mwenye mali. Mikoko yetu iko chini ya hifadhi ya serikali. Mtu wa delta anaokota kaa humo, anakata boriti kwa kibali, anaitwa mlinzi wa msitu, ila ukimuuliza kaboni ni ya nani, hana karatasi. Siku mbili nzima hakuna aliyeligusa hilo, na mimi hulipwa kusema ya wengine.

Jioni ya mwisho karatasi ikazungushwa. Bibi akaniita. "Nisomee kwanza hapo juu." Nikasoma: mahudhurio ya wadau na malipo. Akaomba kalamu yangu, akasaini, halafu pembeni ya jina lake akaandika kwa herufi kubwa: POSHO TU.