Siku moja maishani mwangu: mezani kwa mtunzi wa mashairi

Saa 11 alfajiri. Kabla ya yote, kibwagizo, mshororo unaorudiwa mwisho wa kila ubeti. Shairi la leo ni tarbia (mishororo minne kila ubeti) ya beti nne: tabia, elimu, mapenzi, uhuru. Kibwagizo kitarudi mara nne, kwa hiyo kisitaje mada yoyote. Kikitaja elimu, kitapwaya kwenye mapenzi. Natafuta tendo linaloingia kote: *Mdomo ukifungika, na sikio hulegea*. Mizani (silabi) 8 ukwapi, yaani kipande cha kwanza; 8 utao, kipande cha pili. Kinafaa.

Saa 1 asubuhi. Vina, silabi za mwisho wa vipande zinazofanana. Maneno yote manne yana mizani 3 (ta-bi-a, e-li-mu, ma-pe-nzi, u-hu-ru), ila si yote yanayofaa kukaa mwisho wa kipande. "-mu" ina ukoo mkubwa: kalamu, fahamu, hukumu, karamu. "-ru" inajitosheleza: nuru, ushuru, shukuru, amuru. Balaa ni "-nzi". Ukishatumia mwenzi na ulinzi, kitanzi kinakunyemelea, na ubeti wa mahaba unaishia kunyonga mtu. Neno mapenzi nalisogeza katikati ya kipande, kina nakitafuta kwingine.

Saa 3. Ubeti wa elimu, rasimu ya kwanza:

*Elimu bila uhuru, ni wino bila kalamu*
*Jicho lisilo na nuru, halisomi ya muhimu*
*Na mwalimu akiamuru, mwanafunzi hafahamu*
*Mdomo ukifungika, na sikio hulegea*

Mshororo wa tatu ni guni, yaani una kasoro ya kanuni: ukwapi una mizani 9. Mkosaji ni ile "Na" ya mwanzo, neno la kuvutia pumzi tu. Ing'oe, hakuna kilichopungua: *Mwalimu akiamuru*. Mshororo wa pili una ugonjwa mbaya zaidi kwa sababu hauonekani kwenye hesabu. Mizani imetimia, kina kimekaa, lakini "ya muhimu" haisemi kitu. Imeitwa kujaza nafasi. Jicho lisiloona hufanya nini hasa mbele ya ukurasa? Hupapasa. Basi: *Jicho lisilo na nuru, hupapasa tarakimu*. Sasa kuna kitu cha kushika. Dhana kubwa kama elimu haisimami shairini mpaka ipate kitenzi cha mkono au cha mguu.

Saa 7 mchana. Kuhesabu upya kwa vidole, kwa sauti. Macho hudanganya: "mtu" ni mizani 2 (m-tu), "nchi" 2 (n-chi), lakini "ngoma" ni 2 pia, si 3, maana ng- hapo haisimami peke yake. Kipande kikizidi, inkisari, kufupisha neno, husaidia: aliyesema (5) huwa alosema (4). Kikipungua, mazida, kulirefusha: afya (2) huwa afiya (3). Moja kwa ubeti inavumilika. Tatu, msomaji anaanza kuona seremala anayeziba nyufa kwa nta.

Saa 10 jioni. Ubeti wa uhuru, na kichekesho chake: kuusifu uhuru ndani ya mizani 16 kila mshororo. Mshairi Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria hizi za vina na mizani kitabuni mwaka 1954. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya *Kichomi* bila kuzifuata, na wanamapokeo, watetezi wa sheria hizo, wakawaka. Mimi nabaki na arudhi, yaani sheria hizo, kwa sababu ya kawaida kabisa: ndiyo iliyoifichua ile "Na". Anayeandika shairi huru lazima aiwinde mwenyewe, bila kengele.

Saa 3 usiku. Kughani, polepole, mara mbili. Ulimi ukijikwaa mahali pale pale mara zote mbili, kosa ni la mshororo, si la koo. Ubeti wa tabia umepita. Wa elimu umepita, ingawa "akiamuru" inataka kutamkwa kwa utulivu, irabu zisimezane. Wa uhuru umepita. Ule wa mapenzi, mshororo wa pili, utao bado una mizani 7, na neno pekee linaloingia ni kitanzi.