Niliisoma katiba ya kwao kabla ya yetu

Dola 760. Ndiyo ada niliyolipa mwaka 2024 kuomba uraia wa Marekani kwa fomu ya karatasi. Ni karibu laki moja kwa shilingi za kwetu Kenya, piga hesabu mwenyewe ni kodi ya nyumba ya miezi mingapi Likoni, Mombasa. Lakini hizo hazikuniuma. Zilizoniuma ni dola 300 nyingine, ambazo bado kidogo nimpe mtu bure.

Ghalani tunakopakia mizigo hapa Columbus kuna mzee mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu. Huniita jina langu kavu kavu, kama walivyo. Alijitolea kunipiga msasa kwa yale maswali 100 ya uraia: mimi na sambusa zangu, yeye na vikaratasi vyake. Wakati ule, siku ya usaili uliulizwa hadi maswali 10, ukipata 6 ulipita. Swali mojawapo lilikuwa maneno ya kwanza ya katiba yao ya 1787: Sisi Watu. Siku hiyo akaniuliza, bila ubaya, "Na ya kwenu inaanzaje?"

Nikamwambia inaanza na Mungu. Akaitikia kwa heshima, nami nikabaki na aibu yangu, kwani nilikuwa nimebahatisha.

Mwaka 2010, Agosti 4, nilipanga foleni nikapiga kura ya kijani, yaani ndiyo kwa katiba mpya ya Kenya. Nakala ya rasimu nilipewa bure. Bibi akaichukua kwenye biashara yake ya viazi karai, na Sura ya 4, ile ya haki zetu, ikaishia kulowa mafuta na ukwaju.

Basi usiku ule nikaisoma kwenye simu, nimekaa juu ya ndoo jikoni nisiwaamshe watoto. Inaanza "Sisi, watu wa Kenya". Mungu anafuata.

Sasa zile dola 300. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna kaka "anayeshughulikia" watu ili uraia wa Kenya usipotee ukiapa huku. Nilishamuahidi kutuma Ijumaa. Kumbe kifungu cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Basi! Nilipompigia akanijibu, "Dada, hayo ni ya kwenye karatasi." Ulitaka yawe wapi?

Mnaopanga kuja, isomeni kabla ya kutafuta tiketi. Walioapa zamani, kabla ya katiba hii, waliupoteza kweli, na kifungu cha 14 kinawapa haki ya kuuomba tena. Sisi wa sasa tunatakiwa tu kuitaarifu serikali ndani ya miezi 3, kwa sheria ya uraia ya 2011. Mwenye ndoto za ubunge aanze na kifungu cha 78, kinachomkataza mwenye cheo cha serikali kushika uraia wa nchi mbili. Watanzania, poleni, kwenu mtu mzima akiapa huku, wa kule umekwenda.

Nilipoapa, mzee aliniletea katiba yao ya mfukoni, ndogo kama kitabu cha dua: ibara 7, marekebisho 27. Nami nikamtumia yetu kwenye simu, vifungu 264. Anasoma kweli! Jana alikuwa amefika cha 43, penye haki ya maji safi ya kutosha, akataka kujua kama Likoni mfereji hutoa maji kila siku.

Nikamwambia ale, chakula kinapoa.