Mama, mkwe wake na choo kimoja: siku zetu nne Lauterbrunnen

Mama alipokuja kututembelea hapa Freiburg mwezi wa Juni, mimi nilikuwa nimeshapanga. Hoteli za Uswisi hatuziwezi, tuko watano. Tutakodi gari-nyumba hapa hapa Ujerumani, lile lenye vitanda, jiko, friji na choo humo humo, twende nalo hadi bonde la Lauterbrunnen, tuegeshe kwenye kambi ya likizo chini ya maporomoko ya maji. Nilikodi, nikalipa na malipo ya awali.

Nilisahau kitu kimoja. Mama ni Mchaga wa Machame, ana miaka 68, na mume wangu ni mkwe wake. Gari lenyewe lina urefu wa mita 7.

Nilipomwonyesha picha za ndani alinyamaza, halafu akauliza, "Na baba watoto atalala wapi?"

"Humo humo, Mama."

"Na choo?"

"Humo humo."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Hakusema zaidi. Nikajua nisipopata jawabu, safari haipo.

Jawabu likawa hema. Niliwaandikia watu wa kambi, wakasema hema dogo kando ya gari linaruhusiwa, unaongeza pesa kidogo tu. Basi mume wangu na kijana wetu wa miaka 9 nje, Mama kwenye kitanda cha nyuma ambacho kiko chini, mimi na binti kwenye kitanda cha juu ya dereva, kinachopandwa kwa ngazi. Mume wangu ni mtu wa Tanga, adabu ya ukwe hahitaji kufundishwa. Alikwenda kutafuta hema siku hiyo hiyo.

Kabla sijafika mbali niseme la uzito, maana ndilo linalowakamata wengi. Leseni ya kawaida ya gari dogo inakuruhusu kuendesha hadi kilo 3,500, gari na kila kilichomo, watu pia. Ukizidisha, polisi wa Uswisi hawana mzaha, na gari lililosajiliwa juu ya uzito huo linalipia barabara kwa utaratibu mwingine kabisa. Tulipopakia unga, maharage, mkungu mzima wa ndizi ambao Mama aliuona kwenye duka la Waafrika akakataa kuuacha, na baiskeli mbili, tukalipeleka gari kwenye mizani. Kilo 3,440, tangi la maji likiwa na lita 20 tu. Tangi linabeba lita 100. Fanya hesabu mwenyewe: tungelijaza nyumbani tungekuwa tumevuka kabla ya kutoka mtaani. Maji ya kunawia yanatosha njiani, tangi unalijaza ukishafika kambini.

Mpakani Weil am Rhein tulinunua stika ya barabara kuu, faranga 40, hiyo ni ya mwaka mzima hata ukikaa siku moja. Nyama inaruhusiwa kilo 1 kwa kila mtu, na Mama alikuwa amenunua kilo 6 za mifupa ya mtori, supu yetu ya ndizi, kwa hiyo kilo moja ilibaki kwenye friza ya nyumbani na ilisikitikiwa hadi Bern. Jambo jingine: Uswisi iko ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya Mama ilitosha, lakini haimo katika Umoja wa Ulaya, na laini za simu za Ujerumani huenda zikakutoza ukivuka. Nilizima data kwenye simu tatu. Ya nne ilikuwa mikononi mwa binti yangu, nyuma, akiangalia katuni. Bili niliilipa kwa awamu mbili.

Kutoka Bern unapita Thun na Spiez, ziwa liko kushoto kwako, kisha Interlaken, kisha Wilderswil, halafu milima inakubana ghafla. Bonde la Lauterbrunnen lilichongwa na barafu, kuta zake zimesimama wima pande zote mbili, na kijiji kimelala chini kwenye mita kama 800 juu ya usawa wa bahari. Maporomoko ya Staubbach yanadondoka karibu mita 300 kutoka ukingoni, na upepo ukivuma yanakuwa ukungu kabla ya kufika chini. Mume wangu alisimamisha gari. Mama akatazama kwa muda, akasema, "Maji yote haya. Nani anayapangia zamu?"

Aliyekulia Machame ataelewa. Kwetu maji ya mlimani yanateremka kwa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, na mfongo una zamu, ukikosa yako migomba inangoja. Kwa siku nne kila kijito alichokiona alikitafutia mwenyewe.

Kuegesha kulituchukua saa nzima. Gari lazima lisimame sawa, la sivyo maji ya sinki hayatoki vizuri na unalala kichwa chini. Unaweka kabari chini ya magurudumu, unapanda taratibu, unapima. Mimi nilikuwa na pimamaji ya kwenye simu. Mama akajaza bakuli maji, akaliweka mezani, akawa anaamuru kupitia dirishani: "Bado kulia. Bado. Basi!" Bakuli lilikuwa sahihi kuliko simu.

Usiku wa kwanza tulibaki gizani, na kosa lilikuwa langu. Soketi ya kambi tuliyochomekea gari ilikuwa ya ampea 10. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,300, hiyo ndiyo mali yako yote. Birika la umeme peke yake linakula 2,000. Nilikuwa nimewasha na hita ndogo niliyotoka nayo nyumbani, kwa sababu Juni ya milimani usiku si Juni. Swichi ikakata, na sanduku lake lilikuwa limefungwa kwa ufunguo, mapokezi yameshafunga. Taa za betri zikatuokoa, na hapo ndipo nikasoma kitabu cha gari nikajua kwamba hita ya gesi ilikuwepo muda wote, kitufe kiko juu ya mlango. Tangu hapo joto na kupika ni gesi, umeme ni wa friji na birika, kimoja kwa wakati.

Choo cha ndani Mama alikikataa kabisa. Saa tisa usiku ananigusa mguu, tunavaa makoti, tunatembea na tochi hadi vyoo vya kambi, ambavyo ni visafi kuliko hospitali ninayofanyia kazi. Saa nne usiku ni wakati wa kimya pale, hata mlango wa gari unafungwa kwa kuusukuma polepole, kwa hiyo tulikuwa tukinyata kama wezi wa kuku.

Usiku wa pili mvua ilishuka. Si ile ya manyunyu. Bonde linashika sauti, radi moja unaisikia mara tatu. Nilikuwa juu nikihesabu dakika, nikisikia zipu ya hema ikifunguliwa na kufungwa, na nikijua kwamba mume wangu angelala ndani ya maji hadi asubuhi kuliko kugonga. Nikasikia Mama anashuka kitandani. Akajifunga kanga ya pili, akafungua mlango mwenyewe.

"Mwanangu, ingia na mtoto. Mvua haina ukwe."

Wakaingia wametota. Mama akawachemshia chai (kwa gesi), akampa mume wangu blanketi lake la Kimasai, akamwonyesha kiti cha dereva, ambacho kinageuka. Akalala pale ameketi, mgongo kwetu. Asubuhi hakuna aliyelizungumzia, ila hema lilikunjwa na halikusimamishwa tena. Na choo cha ndani kikaanza kutumika.

Matembezi nitayapitia haraka. Jungfraujoch, stesheni ya treni iliyo kwenye mita 3,454, tuliiacha kwa sababu ya bei na kwa sababu ya presha ya Mama. Hakusikitika: "Theluji nimeiona Kibo tangu nimezaliwa, bure." Tulipanda Mürren, kijiji kisicho na magari juu ya ukingo, kwa gari la kebo halafu kitreni. Trümmelbach naipendekeza kwa yeyote, maporomoko kumi yaliyo ndani ya mwamba, yanayotoa maji ya barafu ya Eiger, Mönch na Jungfrau, hadi lita 20,000 kwa sekunde. Kuna lifti, lakini ngazi zimelowa, mshike mzee mkono. Ila kilichomshangaza Mama hakiuzwi tiketi. Tukiwa tunamenya ndizi nje ya gari alipiga kelele, "Jamani mtu kaanguka!" Walikuwa vijana wanaojirusha kutoka ukingoni na parachuti. Akawaombea mmoja mmoja hadi mtori ukaungua chini.

Sasa la choo. Chini yake kuna kasha la lita karibu 20, unalivuta kwa nje ubavuni, lina magurudumu kama sanduku la safari, unakwenda kulimwaga mahali palipotengwa, unasuuza, unaweka dawa. Kwa watu watano ni kila siku. Mama alipoelewa utaratibu huo alinivuta pembeni: "Mkwe wangu asiguse. Utafanya wewe." Nikaahidi.

Siku ya kwanza niliamka saa kumi na mbili kulitoa, nikakuta limeshasuuzwa na limerudishwa. Siku ya pili vile vile. Mume wangu alikuwa akiondoka na kasha alfajiri, kofia usoni, anazunguka nyuma ya mabafu ili dirisha la Mama lisimwone. Kila asubuhi Mama akaniuliza kama nimeshamwaga, nami nikamjibu, "Tayari, Mama."

Nadhani akisoma hapa ndipo atajua.